Redio za Kupandia Mlima

Mara ya tatu nilipoingia duka lile la Arua na boksi kwapani, muuzaji aliniona tangu mlangoni, akainama akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Nikamsubiri. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na mtu akijificha chini ya meza ni suala la kumngoja tu. Alipoinuka hakuwa na kitu mkononi.

"Mama, hata hii imekufa?"

"Imekufa. Zote mbili."

Akazichukua, moja akampa mwenzake, naye akatoka nayo mpaka ng'ambo ya barabara, nyuma ya wauza viatu. "Moja, mbili, tatu," akasema yule wa nje. "Moja, mbili, tatu, nakusikia," akajibu wa ndani. Sauti ilitoka safi, hata mteja aliyekuwa akichagua tochi akageuka kunitazama mimi badala ya redio. Niliona aibu, na mimi nikiona aibu hukasirika.

"Hapa zinasema," nikamwambia. "Nyumbani kwangu hazisemi."

"Basi mama, redio iko muzuri. Nyumba yako ndiyo iko na shida." Akazirudisha ndani ya boksi, akanisukumia. "Ya njano ulirudisha. Nyeusi ulirudisha. Hii sasa hapana. Hii utakaa nayo."

Nikatoka na boksi langu. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, mengi tu, lakini yalinijia nilipokwisha kupanda gari la Koboko.

Nieleze tangu mwanzo, maana mwanamke wa umri wangu kuhangaika na redio za upepo ni jambo la kuchekesha, na wengi wamecheka. Nasema zile redio za mkononi wanazotembea nazo walinzi wa maghala, unabonyeza ukitaka kusema, unaachia ukitaka kusikia. Mimi sina ghala. Nilizitaka kwa matembezi.

Mimi na mzee wangu tulipostaafu tulitoka katika nyumba ya kazi pale chini ya Arua Hill, tukahamia Lurujo, huko Koboko, kwetu nilikozaliwa. Yeye ni Mlugbara wa Ajia, mimi ni Mkakwa. Kiswahili tulikiokota njiani, yeye kwa baba yake aliyekuwa jeshini, mimi sokoni, tukakiingiza ndani ya nyumba na watoto wakakikuta humo. Si kile nilichokisoma baadaye vitabuni. Ni kile cha kwetu, cha iko na hapana iko, na tumegombana nacho na kupatana nacho miaka yote.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kilima, na juu ya kilima kuna jiwe bapa. Ukikaa pale unaona nchi ya Kongo upande mmoja na Sudan Kusini upande mwingine, na upepo unapita kana kwamba hakuna mpaka. Kila Jumamosi asubuhi, nikishakunywa uji, napanda. Sibebi jembe wala panga, na nikishuka siji na kuni. Jambo hilo liliwatesa sana majirani zangu.

"Mwalimu, unaenda wapi?"

"Natembea."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Kwenda juu."

"Juu iko nini?"

Nikisema hakuna kitu, wananihurumia. Lakini mimi nimelea watoto wangu na wa wenzangu, nimesahihisha madaftari mpaka macho yakapungua, nimepikia wageni wa mzee wasio na idadi. Saa zile za Jumamosi ndizo za kwanza maishani mwangu ambazo hakuna mtu aliyeniomba kitu. Mzee hakuweza kuja nami kwa sababu magoti yake yamekwisha. Alibaki kwenye kiti chake nyuma ya jiko, anatazama njia.

Kisha presha ikanipata. Siku moja nikiwa njiani kushuka kichwa kilizunguka, nikaanguka ndani ya majani, na wanawake waliokuwa wakirudi kutoka kisimani ndio walioniokota. Binti yangu, anayefanya kazi katika ofisi moja ya serikali pale Arua Hill, alifika jioni ile ile akiwa bado na viatu vya ofisi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mama, ukipata njia ya kuongea na baba ukiwa kule juu, panda. Usipopata, basi. Mlima umekwisha."

Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwangu mkuu amekuwa binti yangu, na guu ni langu. Nilimjibu kwamba nina simu. Akaniuliza kwa nini basi siku ile sikupiga, ingawa jibu alilijua. Ukivuka tu mgongo wa kilima, mtandao wetu unakata na simu inashika mnara wa jirani. Inaniandikia kwamba nimekaribishwa Sudan Kusini, wakati viatu vyangu viko katika mihogo ya Lurujo. Siku nyingine inanikaribisha Kongo. Salio linakwisha hujamaliza hata kusema halo.

Ndipo nikafikiria redio za upepo. Niliwaza kwamba ni jambo dogo: nenda mjini, chagua, lipa, rudi.

Za kwanza zilikuwa za njano, ndogo, nyepesi, zinatumia betri za kawaida zinazouzwa hata kwenye kibanda cha sukari. Juu ya boksi palikuwa na picha ya mzungu na mke wake wamesimama kwenye mlima wa theluji, kila mmoja na redio yake, wanacheka. Nikasema kama zinasikika kwenye theluji, zitashindwaje na kilima cha mihogo? Muuzaji alinionyesha kitufe. "Bonyeza ukisema, achia ukisikiliza. Hapana kitu kingine." Nikamwambia mimi ni mwalimu, asinifundishe mara mbili.

Jumamosi nikaanza karibu, palepale juu ya shamba la mihogo ambapo bado naona bati la nyumba yetu. Mzee akapiga.

Sasa lazima niseme tunavyosalimiana, nanyi mtavumilia kama sisi tunavyovumilia. Kwetu salamu si neno moja. Mtu anakuuliza umelalaje, na wa nyumbani, na watoto, na mbuzi, na mvua, na magonjwa, na safari, na wewe unamjibu wakati huo huo anaendelea kuuliza, muzuri, muzuri, iko, iko, na wewe papo hapo unamuuliza yake, na sauti mbili zinakwenda pamoja mpaka zinafika mwisho pamoja. Ukikaa kimya wakati unasalimiwa, una kinyongo au una ugonjwa. Mzee wangu katika jambo hili ni bingwa wa Ajia nzima. Ananisalimia asubuhi hata kama tumekorofishana usiku kwa ajili ya blanketi. Ananisalimia nikirudi kutoka chooni.

Basi redio ikalia krrr, nikasikia, "Mama watoto, umelal—" Nami kama mtu mwenye adabu nikabonyeza nikamjibu. Nilipoachia, nikasikia, "—uzi iko?" kisha krrr, kisha kimya. Nikabonyeza nikamuuliza kama ananisikia. Kimya. Kisha, "—sikii kitu, wewe nasikia mi—" Nikabonyeza kumwambia nasikia vipandevipande. Kimya tena. Tuliendelea hivyo mpaka sauti ikanikauka. Mwisho nilimwita kwa mdomo tu, kutoka pale pale, akanisikia vizuri sana.

"Iko natafuna maneno," mzee akasema nilipofika chini. Tukakubaliana redio ni mbovu. Nikaenda Arua, nikaongeza pesa, nikachukua kubwa.

Kubwa zilikuwa nyeusi, nzito, zenye antena ya kwenda juu, za kuchaji kwa sola. Muuzaji aliapa kwamba hizi zinapenya mpaka ukuta wa benki. Nami nilizipenda, lakini Koboko si mahali pa kutembea na kitu kama kile kiunoni. Watu wa mpaka wameona askari na waasi wenye redio za namna ile, na hawakuwaletea heri. Kwa hiyo nilimkokota mzee polepole mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamwekea zote mbili mezani, nikamweleza kwamba hii ni ya mwanamke mzee na ile ni ya mume wake, hakuna la zaidi. Mwenyekiti akaomba kujaribu. Akatoka nje na moja, mzee akabaki ndani na nyingine, wakasalimiana. Waliposhindwa kuelewana, mwenyekiti alirudi akanipa pole. "Mwalimu, hii hapana hatari kwa serikali," akasema. "Hii hapana hatari kwa mutu yeyote."

Bado nikapanda na moja, nikitumaini kwamba tatizo lilikuwa ukuta wa mwenyekiti. Njiani nilikutana na mama mmoja wa kutoka Sudan Kusini, mfanyabiashara, ana samaki wakavu kichwani. Alipoona kile chuma cheusi kiunoni mwangu aliacha njia akapita porini. Nikamwita nimweleze. Akaongeza mwendo. Nilikaa chini kwa dakika kadhaa, roho inaniuma, kwa sababu nilitaka tu kwenda kukaa juu ya jiwe na sasa nimemkimbiza mtu aliyekwisha kukimbia vya kutosha. Mzee alipopiga, nikajibu, na ilikuwa yale yale, "Mama wat—" na krrr. Siku hiyo ningeweza kuitupa Kongo.

Za tatu zilikuwa za kijivu, za wastani, zina klipu ya mkanda na taa ndogo, hazitishi mtu. Hizo ndizo nilizorudisha, na hizo ndizo nilizokataliwa. Muuzaji alikuwa na haki yake. Lakini kuambiwa nyumba yangu ndiyo yenye shida kulinikaa kooni njia nzima.

Jumapili binti akaja kusikia kwa masikio yake kama redio zinasema. Alileta mkate na sukari, akakaa kwenye kigoda pembeni ya baba yake nyuma ya jiko. Nikapanda mpaka juu ya mihogo, na moyo unanidunda kuliko siku ya mtihani wa ualimu. Nilisikia "Mama" na nikasikia "mbuzi". Nilipiga kelele ndani ya kile kidude mpaka ndege wakahama mti. Niliposhuka, binti alikuwa amesimama, mkoba begani.

"Umejitahidi, mama," akasema. Sauti ilikuwa ya upole, ile anayotumia kwa watu wa ofisini wanaokuja na karatasi pungufu.

Nikamgeukia mzee anitetee, kwa sababu ndiye anayejua. Ndiye anayeniona ninavyotoka nimekunja uso na kurudi nimekunjua. Akatazama magoti yake. "Labda mlima imetosha," akasema. "Sisi ni wazee sasa."

Nilimsindikiza binti barabarani, nikarudi, nikapika, nikampakulia, nikala jikoni peke yangu. Nilinuna kama msichana. Miaka yote niliyoishi na mtu huyu nimemkasirikia kwa mengi, lakini hiyo ilikuwa tofauti. Aliniacha peke yangu mbele ya mtoto.

Asubuhi alinisalimia kutoka mlangoni. Nikapita. Nikachukua redio ya kijivu, sijui hata kwa nini, labda nilitaka aone kwamba bado ninayo, nikapanda. Haikuwa Jumamosi. Sikujali. Nilikwenda mpaka juu ya mihogo nikaketi kwenye kichuguu, nimempa mgongo yeye na nyumba yake na mbuzi wake.

Redio ikalia. "Mama watoto, umelala muzuri?"

Kidole kilikwenda chenyewe kwenye kitufe, nikakizuia. Nikasema moyoni, leo utajisalimia mwenyewe.

"Miguu iko namna gani? Huko iko upepo? Chai ulikunywa? Mimi niliona kikombe chako iko kavu." Sauti ilikuwa nzima. Hapakuwa na krrr wala kipande kilichokosekana. Nilisikia hata jogoo wetu akiwika nyuma yake. "Mama watoto, jana mimi nilikosa. Ile neno nilisema, hapana kweli. Niliogopa tu. Siku ile ulianguka, mimi nilikuwa kwa kiti hii, na hapana jua kitu mpaka batu walikuleta. Ile ndiyo inaniuma. Mlima hapana shida."

Kisha akanyamaza, na redio ikakaa kimya, inanisubiri.

Nilikaa na kile kidude mapajani, na jambo lenyewe likanijia polepole mpaka nikaona joto usoni. Bonyeza ukisema, achia ukisikiliza. Tangu redio za njano hatukuwahi kuachia mpaka mwenzetu amalize. Yeye akianza kunisalimia, mimi nabonyeza kumjibu juu kwa juu, na ukibonyeza husikii, naye amebonyeza hasikii, na kila mmoja anaongea na upepo. Nani anasikiliza salamu? Salamu kwetu haisikilizwi, inajibiwa. Wale vijana wa dukani walikuwa wanahesabu moja, mbili, tatu, na hakuna mtu duniani anayeingilia moja, mbili, tatu kuuliza habari za watoto. Na mwenyekiti naye alimsalimia mzee kwa heshima zote, ndiyo maana hawakusikilizana hata neno.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Sisi tulisingizia betri, tukasingizia kilima, tukamsingizia kijana wa watu. Na mimi, ambaye maisha yangu yote nilisimama mbele ya darasa nikisema mmoja mmoja, nyoosheni mikono. Wanasema hasira hasara. Siku ile hasira ndiyo iliyonitengenezea redio.

Nikabonyeza. "Mzee, nimekusikia yote. Usibonyeze sasa. Subiri nimalize." Nikaachia. Akasubiri. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona jini, "Ile ya kikombe pia?"

Mnafikiri mambo yaliisha hapo. Hayakuisha. Kuelewa ni kitu kimoja, na kumfanya mtu wa Ajia anyamaze akisalimiwa ni kitu kingine. Nilimwambia redio hizi ni kinu kimoja na michi miwili, mmoja ukishuka mwingine unapanda, ikishuka yote inagongana. Akaelewa, akatikisa kichwa, na nilipomsalimia akajibu juu kwa juu. Tulifanya mazoezi yeye nyuma ya jiko na mimi mbele ya nyumba, tukigombana katikati kwa mdomo. "Mimi nakusalimia, wewe nakaa kimya," alilalamika. "Naona kama nasalimia maiti." Nikamwambia maiti atakuwa yeye asipotoa kidole. Mwishowe tukapata mwendo wetu: yeye anamaliza zake zote, anasema "nimeachia", ndipo mimi naanza zangu zote. Ilikuwa ndefu mno na ilikula chaji, lakini ilisikika.

Binti akaja tena, akasikia, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa. Nikarudishiwa mlima wangu.

Nilipanda Jumamosi baada ya Jumamosi. Nyuma ya mgongo wa kilima, pale simu inaponikaribisha ugenini, redio ya kijivu ilikuwa inaleta sauti ya mzee, nyembamba kidogo lakini nzima. Nilikuwa nikimweleza ninachokiona juu ya jiwe: moshi upande wa Kongo, lori barabarani, mvua inayokwenda kwa watu wengine. Alianza kuniuliza mambo ya kilima ambayo hakuwahi kuyauliza nilipokuwa nikirudi na kumkuta kitini.

Kisha asubuhi moja, nikiwa bado sijafika kwenye jiwe, ardhi ikainama. Niliijua ile hali. Nikaketi, kisha nikalala ubavu, nikabonyeza. Sikumsalimia. Nilisema tu, "Mzee. Kichwa." Kidole kikalegea.

Alijua papo hapo, kwa sababu tangu anioe sijawahi kumwita nikaanza na shida. Nilimsikia akimwita jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akipalilia karanga chini ya njia. Alisahau kuachia kitufe, kwa hiyo nilisikia kila kitu, kiti kikianguka, magoti yake yakigoma, yule mama akisema anakuja. Kisha sauti ikarudi kwangu.

"Mama watoto, umelala muzuri?"

Sikuweza kubonyeza. Mkono ulikuwa kama wa mtu mwingine.

"Nimeachia," akasema. Akangoja. Nilisikia kimya chake, jinsi kilivyokuwa kirefu. "Haya. Huko iko upepo? Jiwe iko? Nimeachia." Akangoja. "Mbuzi ile nyeupe iko. Ile nyeusi iko, inakula kamba tena. Batu ya Ajia wanakusalimia. Binti iko muzuri, iko kazini. Mvua ilinyesha huko? Nimeachia."

Mtu ambaye hakuweza kuvumilia salamu isiyojibiwa alinisalimia mpaka mwisho wa salamu, akaanza upya. Aliulizia kuku, akaulizia wajukuu, akaulizia ndugu zangu waliokufa kana kwamba walikuwa safarini. Kila mara aliachia, akangoja, hakupata kitu, akaendelea. Nilikuwa nimelala na shavu kwenye majani na machozi yakinitoka upande mmoja, na nilichofikiria ni kwamba nisilale, kwa sababu hajamaliza.

Jirani alinifikia akihema. Alinigeuza, akanipa maji, akaokota redio, akabonyeza. Na alifanya nini? Akaanza kumsalimia mzee. Mzee akajibu juu kwa juu, redio ikalia krrr, na mimi nilikuwa nimelala pale nikitaka kuwapiga wote wawili.

Hospitali walinibadilishia dawa, wakaniambia nisiruke kumeza, na kwamba kutembea si kubaya, kukaa ndiko kubaya. Nilimrudia binti maneno hayo yote. Alikuwa amesimama mwisho wa kitanda, na vile viatu vya ofisini.

"Mama, umeanguka tena. Hakuna mlima."

"Redio imefanya kazi," nikasema. "Ulisema nikipata njia ya kuongea na baba yako. Nimepata. Tumeongea."

"Wewe hukuongea. Baba ndiye aliyeongea."

Nilibisha mpaka muuguzi akaja kuniangalia presha. Hebu fikirini. Nimehangaika na maboksi kwenda na kurudi Arua, nimewekwa kundi moja na majasusi, nimejifunza uzeeni kunyamaza nikisalimiwa, na siku ambayo redio ilifanya kile hasa nilichoinunulia, ndiyo siku niliyofungiwa. Kama ningezimia kimyakimya na kuamka mwenyewe, hakuna ambaye angejua, nami ningekuwa bado napanda. Nililisema hilo kwa sauti, na binti akatoka nje.

Tangu hapo hupiga simu kila Jumamosi asubuhi, saa zile zile ninazojulikana kupanda. Anaulizia afya, lakini najua anaulizia miguu. Jumamosi ya kwanza nilimjibu nikiwa jikoni, ya pili nikiwa jikoni. Nilikuwa nakoroga uji kwa nguvu hata ukamwagika. Mzee alichukua kitambaa akaufuta. Redio mbili zilikuwa dirishani, mzee anaziweka kwenye sola kila siku ingawa hakuna anayezitumia.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta amekwisha kukaa. Kiti alikuwa amekigeuza kuelekea mlima, redio moja iko mapajani, na simu yangu, ile anayoipiga binti, iko kwenye kigoda, karibu na mkono wake. Nyingine alinishikisha, pamoja na dawa zangu na chupa ya maji. Nikamuuliza binti akipiga je.

"Wewe panda," akasema. "Akipiga, mimi nitamusalimia mpaka ushuke."